Maswali ya Wasomaji: Injini Imepata Moto, au Kipimo Ndicho Kilichoharibika?

Barua nne tulizochagua safari hii zinahusu vipimo vya joto la injini katika ndege ndogo za pistoni. Tumeziweka pamoja kwa sababu katika kila moja kuna mtu aliyekwisha kununua kihisi kipya, au anayekaribia kukinunua, kabla ya kujiuliza namba aliyoiona ilisogea kwa namna gani na wakati gani. Majibu yanamsaidia rubani na fundi kufikiri. Kazi ya kufungua, kubadilisha na kutia saini inabaki kwa mhandisi wa matengenezo mwenye leseni, akifuata kitabu cha matengenezo cha ndege husika.

Swali: Mhandisi, salaam. Ninarusha Cessna 206 yenye injini ya Continental IO-520 kutoka Arusha. Tulifungiwa kipimo cha kidijitali kinachoonyesha joto la kichwa cha kila silinda. Kwa muda silinda ya 3 ilikuwa ikipotea kwenye kioo kwa sekunde chache kisha inarudi. Fundi alibadilisha kihisi na kuunga upya waya uliokuwa umechubuka karibu na ukuta wa kukinga moto. Sasa haipotei tena. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, silinda zote sita zinasoma sawa, lakini tukishapaa silinda ya 3 inasoma nyuzi 30 hadi 40 za Selsiasi chini ya jirani zake. Tumebadilisha kihisi mara ya pili na hali ni ile ile. Je, tununue kipimo kipya? (Rubani, Arusha)

Jibu: Ndugu Rubani, usinunue kipimo kipya bado. Barua yako imebeba dalili mbili zenye thamani kuliko kihisi chochote kilichoko dukani: kwanza, kasoro hii ya kusoma chini ilianza baada ya waya kuungwa, pili, haionekani injini ikiwa baridi, bali hukua kadiri sehemu ya injini inavyopata moto. Ninaushuku muungo wa waya, na nitaeleza kwa nini.

Kihisi kilichomo katika kichwa cha silinda, kwa vipimo vingi vya aina hiyo, ni themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Thomas Johann Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba mzunguko wa metali mbili, viungo vyake vikiwa na joto tofauti, huisogeza sindano ya dira. Umeme huo mdogo ndio tunaousoma leo. Kwa themokapo ya aina ya K, ambayo hutengenezwa kwa kromeli na alumeli, tunapata mikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Kiasi hicho ni kidogo mno, na kosa dogo la waya linaweza kujificha ndani yake na kuonekana kama joto au kama baridi.

Jambo ambalo mafundi wengi waliozoea umeme wa magari hulisahau ni kwamba themokapo haipimi joto la ncha yake peke yake. Hupima tofauti kati ya joto la ncha na joto la mahali ambapo zile metali mbili zinakoma na shaba ya kawaida inaanza. Mahali hapo panatakiwa pawe nyuma ya kipimo chenyewe, ambacho hujua joto lake na kuliongeza katika hesabu kabla ya kutuonyesha namba. Kwa hiyo waya wote, tangu kihisi hadi dashibodi, hauna budi kuwa wa metali zile zile za themokapo. Mtu akikata waya huo karibu na ukuta wa kukinga moto na kuunga kipande cha waya wa shaba kinachofika hadi kwenye kipimo, amehamisha mwisho wa themokapo kutoka dashibodini, kwenye ubaridi, hadi kwenye joto la injini, na kipimo hakina njia ya kulijua hilo.

Chukua mfano wa namba. Tuseme kwenye muungo kuna nyuzi 60 na nyuma ya dashibodi kuna nyuzi 25. Kipimo kitaongeza 25 pale kilipopaswa kuongeza 60, na silinda ya 3 itasoma nyuzi 35 chini ya ukweli. Asubuhi, muungo na dashibodi vikiwa na joto moja, tofauti ni sifuri na silinda zote zinalingana, kama ulivyoeleza. Kama fundi alitumia waya sahihi wa themokapo lakini kipande hicho akakigeuza, chanya kikaingia hasi kwenye ncha zote mbili, kosa lingekuwa maradufu, yaani nyuzi 70 kwa mfano huu. Tofauti yako ya 30 hadi 40 inanielekeza zaidi kwenye shaba.

Ninaomba usilichukulie jambo hili kuwa dogo kwa sababu tu namba iko upande wa baridi. Kipimo kinachosoma juu humtisha rubani na kumfanya atue, lakini kinachosoma chini humtuliza wakati silinda inaungua. Kikomo cha joto la kichwa cha silinda kwa injini yako ni nyuzi 460 za Farenhaiti, ambazo ni karibu 238 za Selsiasi. Silinda yenye 230 halisi, ikisomeka 195, haitamfanya rubani yeyote afungue milango ya kupoza injini.

Hata hivyo, kabla ya kukata waya mwingine, hakikisheni kwamba silinda ya 3 si baridi kweli. Plagi moja kati ya mbili isipowasha, mafuta huungua polepole zaidi, moto huendelea kuwaka hadi kwenye bomba la moshi, na matokeo yake joto la ekzosi ya silinda hiyo hupanda huku joto la kichwa chake likishuka. Kwa hiyo tazama joto la ekzosi ya silinda ya 3 katika mruko huo huo. Likiwa juu kuliko desturi yake wakati kichwa kiko chini, anzeni na plagi na nyaya za magneto, yaani vizalisha umeme wa cheche za plagi. Likiwa kama siku zote, rudini kwenye waya.

Jambo jingine la kukagua ni aina ya kihisi. Katika ndege nyingi, kisima cha silinda moja, yaani tundu la kufungia kihisi, kilikwisha kuchukuliwa na kihisi cha asili cha kiwandani kinachoendesha geji ya zamani, na waliofunga kipimo cha kidijitali wakalazimika kuweka kwenye silinda hiyo kihisi cha pete kinachokaa chini ya plagi, au kile kinachoshikana na kihisi cha asili. Vihisi hivi havigusi chuma mahali pamoja na vile vinavyoingia kisimani, wala havisomi sawa: cha pete ya plagi kwa kawaida husoma juu zaidi. Tofauti ya namna hiyo ni ya kudumu na huonekana tangu siku ya kwanza ya ufungaji. Ya kwenu ilianza baada ya matengenezo, kwa hiyo siipi uzito mkubwa, ila ni vyema mjue silinda ipi ina kihisi cha namna gani.

Jaribio litakalomaliza ubishi halihitaji kununua kitu. Injini ikiwa baridi, fundi atenganishe viunganishi vya silinda ya 3 na ya 5 karibu na vihisi, kisha avibadilishane: waya wa 3 usome kihisi cha 5, na wa 5 usome cha 3. Baada ya kuruka, namba ya chini ikibaki kwenye mstari wa 3, kosa liko kwenye waya au kwenye kipimo. Ikihamia kwenye mstari wa 5, kosa liko kwenye kihisi au kwenye silinda yenyewe. Ikiwa imebaki kwenye 3, mabadilishano yarudiwe nyuma ya kipimo, na hapo mtajua kama ni waya au ni kifaa. Andikeni kwenye karatasi kila kilichobadilishwa, na rubani aarifiwe kwamba namba za 3 na 5 zimepishana, ili asije akachukua uamuzi kwa silinda isiyo yenyewe.

Nikumbushe pia, kwa faida ya karakana zinazohudumia injini za aina mbili, kwamba Continental huhesabu silinda kuanzia nyuma, ya 1 ikiwa nyuma kulia, na Lycoming huhesabu kuanzia mbele. Kihisi kilichofungwa kwenye silinda nzuri kikaitwa kwa namba ya nyingine kinaweza kuwafanya watu wafungue silinda isiyo na kosa.

Muungo ukithibitika kuwa ndio tatizo, dawa ni kuondoa kipande cha shaba chote na kuweka waya wa aina ile ile ya themokapo, kwa viunganishi vilivyobanwa vizuri, na waya ufungwe mbali na bomba la moshi na mbali na klipu iliyouchubua mara ya kwanza. Hiyo klipu isipohamishwa, ule ugonjwa wa kupotea kwenye kioo utarejea.

Swali: Kwako Mhandisi, pokea salamu kutoka Nairobi. Nina Cessna 172 ya zamani pale Wilson. Sindano ya joto la oili inapanda ninapowasha taa ya kutua, na nikiizima inashuka. Nikiwasha kipasha joto cha pitoti, ule mrija wa kupimia mwendo, inapanda tena. Fundi mmoja amesema ni kihisi cha oili, mwingine amesema ni geji. Nimuamini nani? (Mmiliki wa ndege, Nairobi)

Jibu: Ndugu msomaji, oili haijui kama umewasha taa. Joto lake haliwezi kupanda kwa sekunde moja na kushuka kwa sekunde moja, kwa hiyo hapo tuna hakika kwamba tunatazama umeme. Lakini sikubaliani na yeyote kati ya mafundi wako wawili, angalau kwa sasa, kwa sababu kuna kitu cha bei nafuu zaidi cha kukagua kwanza, nacho ni athi ya injini, yaani njia ya umeme kurudi kupitia mwili wa chuma.

Kihisi cha oili cha umeme katika ndege nyingi za rika hilo ni kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri kinavyopata moto. Kina waya mmoja tu unaokwenda kwenye geji, na njia ya kurudi ni mwili wa kihisi, kupitia injini, hadi kwenye fremu ya ndege. Injini yenyewe imeshikwa kwa mipira inayozuia mtikisiko, na mipira haipitishi umeme. Kinachobaki ni ule mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na fremu. Mkanda huo ukiota kutu, ukikatika nyuzi, au boliti yake ikilegea, hapo ndipo maajabu huanza.

Tazama umeme unavyozunguka. Altaneta imefungwa kwenye injini. Inapolisha taa, umeme hutoka kwake, hupita kwenye taa, huingia kwenye fremu, na lazima urudi kwenye altaneta kupitia mkanda ule. Mkanda wenye ukinzani hupoteza sehemu ya volti hapo, na mwili wa injini unakuwa chini kidogo ya fremu kivolti. Geji imefungwa athi yake kwenye fremu, na kihisi athi yake iko kwenye injini. Kwa geji, athi ya kihisi ikishuka ni kana kwamba ukinzani wa kihisi umepungua, na ukinzani uliopungua kwake maana yake ni oili iliyopata moto. Ndiyo sababu sindano inapanda, haishuki, kila unapoongeza mzigo.

Jaribio lake ni jepesi. Injini ikiwa imezimwa na betri ikiwa imewashwa, washa taa ile ile. Betri ina athi yake kwenye fremu, kwa hiyo umeme wa taa hauna haja ya kupita kwenye mkanda wa injini. Sindano isipotikisika kabisa injini ikiwa imezimwa, lakini ikapanda injini ikiwa inazunguka, mkanda wa injini ndio mtuhumiwa wa kwanza. Ikipanda katika hali zote mbili, mtazame athi ya geji nyuma ya dashibodi na waya unaoilisha. Fundi anaweza pia kupima volti kati ya mwili wa injini na fremu huku altaneta ikiwa na mzigo. Hata sehemu ya kumi ya volti inatosha kuisogeza sindano. Nyaya za multimita zifungwe injini ikiwa imezimwa, zivutwe hadi ndani ya ndege, na mtu yeyote asisimame karibu na propela kwa ajili ya kipimo hiki.

Ninasisitiza mkanda huu kwa sababu nyingine iliyo kubwa kuliko geji. Unapowasha injini, starta huvuta umeme mwingi sana, na umeme huo ukikosa njia pana ya kurudi hutafuta njia nyembamba: kebo ya nguvu ya injini na kebo ya mchanganyiko wa mafuta. Kebo hizo zinaweza kupata moto, kuungua ndani na kukwama. Sindano yako ya oili huenda inakuonya mapema juu ya jambo hilo.

Baada ya mkanda kusafishwa au kubadilishwa, ikiwa bado una shaka na kihisi, fundi atenganishe waya wake. Kwa mfumo wa aina hii sindano inatakiwa ianguke hadi mwisho wa baridi, na waya huo ukiguswa kwa muda mfupi tu kwenye mwili wa injini, sindano iende hadi mwisho wa moto. Ikifanya hivyo, geji na waya ni vizima, na hapo tu ndipo kihisi kinaweza kushtakiwa. Kitabu cha matengenezo kisomwe kwanza, kwa sababu geji zote hazikutengenezwa kwa utaratibu mmoja, na baadhi ya ndege za zamani zina kipimo cha oili cha mrija mwembamba wenye kimiminika au mvuke, ambacho hakitumii umeme hata chembe.

Wapo wasomaji wengine walioeleza kwamba namba zao huruka wanapobonyeza kitufe cha kuzungumza redioni. Hilo si suala la athi ya mkanda mara nyingi. Ni waya wa kihisi uliolazwa sambamba na kebo ya antena, au kebo ya antena ambayo kiunganishi chake kimelegea. Zitenganisheni nyaya hizo na mkague viunganishi vya antena.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa urubani Dodoma. Mwalimu wangu anasema namba nyekundu ni ya kuaminiwa siku zote, lakini mwenzangu mwenye leseni anasema vihisi hudanganya kila siku, kwa hiyo ukiona silinda moja nyekundu puuza uendelee. Ukiwa angani unamfuata nani?

Jibu: Mfuate mwalimu wako. Mwenzako anasema kweli kwamba vihisi huharibika mara nyingi kuliko silinda, lakini angani huna nafasi ya kuthibitisha kwamba leo ndiyo siku ya kihisi.

Unachoweza kufanya ni kutazama mwendo wa namba huku mikono yako ikifanya kazi. Kichwa cha silinda ni bonge la aloi ya aluminiamu lenye uzito, na bonge la metali halipati moto ghafla. Hata mafuta yanapoanza kujiwasha kabla ya cheche, ambayo ni hali mbaya kuliko zote, joto la kichwa hupanda nyuzi moja au chache kwa sekunde. Namba iliyotoka 180 ikafika 300 kwa kufumba na kufumbua, kisha ikarudi 180, haikutoka kwenye metali. Namba inayopanda kwa utulivu, bila kurudi nyuma, ichukue kuwa ya kweli, tena haraka. Tahadhari moja: kanuni hii ni ya vichwa vya silinda na ya oili. Joto la ekzosi ni la gesi, na gesi inaweza kubadilika kwa sekunde chache bila kihisi kuwa na kosa lolote.

Shusha pua ili mwendo uongezeke, fungua milango ya kupoza kama ndege yako inayo, nenepesha mchanganyiko kwa kuongeza mafuta, punguza nguvu. Kisha tazama. Joto la kweli litaitikia, taratibu, kwa kuacha kupanda na baadaye kushuka. Namba isiyojali hatua zako zote, wakati jirani zake wote wanashuka, imejitia shaka yenyewe, na bado utatua kwenye kiwanja cha karibu kinachofaa ili fundi aiangalie.

Kwa oili, usiitazame sindano ya joto peke yake. Vitabu vya marubani vya Cessna vinafundisha kulinganisha joto na presha: presha ikishuka huku joto likibaki la kawaida, inawezekana kosa ni la kipimo cha presha, na bado unaelekezwa utue ukakague, lakini presha ikianguka na joto likapanda pamoja nayo, amini kwamba injini inakaribia kusimama, punguza nguvu mara moja na uchague uwanja wa kutua ungali na nafasi ya kuchagua. Vipimo viwili visivyotumia waya mmoja vikisema jambo moja, usivibishie.

Swali: Shikamoo Mhandisi. Ninasomea ufundi wa ndege Dar es Salaam. Karakana tunayofanyia mazoezi haina mashine ya kupimia vihisi vya joto. Kuna njia ya uhakika ya kukipima kihisi mezani, na ya kujua kama ni cha aina ya K au J wakati lebo imefutika?

Jibu: Marahaba, kijana. Njia ipo, tena vifaa vyake havizidi sumaku, barafu, maji yanayochemka na multimita inayoweza kusoma sehemu ya kumi ya milivolti.

Anza na sumaku, kwa sababu rangi zinaweza kukupoteza. Kwa mpangilio wa Marekani, ambao utaukuta kwenye ndege nyingi, aina ya K ina waya wa njano na mwekundu, na aina ya J ina mweupe na mwekundu. Katika zote mbili mwekundu ni hasi. Fundi aliyetoka kwenye magari huufunga mwekundu kwenye chanya bila kufikiri. Mpangilio wa kimataifa una rangi nyingine: K ni kijani na nyeupe, J ni nyeusi na nyeupe, na hapo mweupe ndio hasi. Sumaku haijali rangi. Katika aina ya J, waya wa chanya ni chuma na hushikwa na sumaku, ilhali konstantani, waya wa hasi, haushikwi. Katika aina ya K ni kinyume: alumeli, waya wa hasi, hushikwa, na kromeli haushikwi.

Kuchanganya aina hizi si kosa la nyuzi mbili tatu. Kihisi cha J kikifungwa kwenye kipimo cha K, kichwa cha silinda chenye nyuzi 200 kitasomeka karibu 260, na mwenye ndege atafungua injini nzima bure. Kihisi cha K kikifungwa kwenye kipimo cha J, nyuzi 200 hizo hizo zitasomeka chini ya 160. Nimekwisha kueleza hapo juu kwa nini kosa la upande huu linaniogopesha zaidi.

Kisha pima mwendelezo wa waya. Themokapo nzima ina omu chache tu. Ukinzani wake ukionekana hauna mwisho, imekatika. Itikise huku ukipima, maana nyingi hukatika ndani ya ala na kugusana tena zikiwa baridi.

Sasa maji. Pale Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Weka ncha ndani ya maji yanayochemka bila kugusa chini ya sufuria, na upime milivolti kwenye ncha za waya. Karakana ikiwa na nyuzi 30, aina ya K itakupa milivolti 2.9 hivi, na aina ya J milivolti 3.7 hivi. Milivolti zikiwa hasi, umegeuza nyaya au mtu aliyekutangulia amezigeuza. Kwenye barafu iliyosagwa na kuchanganywa na maji safi, katika karakana hiyo hiyo, K itakupa 1.2 upande wa hasi, na J 1.5 upande huo huo, kwa sababu sasa ncha ni baridi kuliko mezani.

Ukihamia kazini bara, usisahau mwinuko. Arusha, kwenye kiwanja kilicho mita 1,390 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Wilson, Nairobi, kwenye 94 hivi. Kihisi kinachosoma 94 ndani ya sufuria ya Nairobi ni kizima, na anayekitupa kwa kuwa hakikufika 100 ametupa fedha ya mwenye ndege.

Kuna geji za zamani za sindano ambazo hazina umeme wowote zaidi ya ule wa themokapo yenyewe. Hizo zilipimwa kiwandani pamoja na waya wa ukinzani maalumu, mara nyingi omu 2 au omu 8, na waya ukionekana mrefu kupita kiasi usiukate. Ukunje vizuri na kuufunga, kwa sababu ukiukata umebadilisha usomaji wa geji.

Kihisi cha ekzosi hakithibitishwi kwa sufuria, kwa kuwa kazi yake iko kwenye nyuzi 700 hadi 850 hivi, na ncha iliyoliwa na gesi inaweza kusoma vizuri kwenye 100 na vibaya kwenye 800. Hicho kibadilishane na cha jirani, kikifungwa kwa umbali ule ule kutoka kwenye mlango wa moshi wa silinda, sentimita 5 hadi 10 hivi, na ukitazame wakati wa kukagua magneto kabla ya kupaa: ukibaki na magneto moja, joto la ekzosi ya kila silinda linatakiwa lipande. Kisichopanda hata kidogo, kwenye magneto ya kushoto na ya kulia, kina mashaka. Kinachoporomoka kwenye magneto moja tu ni kizima, na kinakuonyesha plagi isiyowasha.

Kwa vihisi vya vichwa vya silinda, daraja la kawaida la K na la J huruhusiwa kukosea nyuzi 2.2 za Selsiasi katika joto tunalofanyia kazi, kwa hiyo tofauti ndogo kuliko hiyo kati ya vihisi viwili vilivyomo ndani ya sufuria moja usiihesabu kuwa kasoro.